Changarawe za Bibi Nafisa

Karatu, 3 Machi 2024

Mke wangu mdogo Hanifa,

Assalaam alaikum. Naomba karatasi hii ikukute mzima, na baridi ya Endulen iwe haijakugandisha kama mafuta ya nazi. Huku sote tupo. Baba yako mdogo Kurwa anafungua duka alfajiri na kulalamika kuhusu kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Mama yako alipita kutoka Babati, akaniachia asali na maneno mengi. Nyanya za uani zimeiva zote kwa pamoja, kama wanafunzi wanaojibu kabla hawajaulizwa. Ramadhani iko mlangoni, na mwaka huu daktari amenikataza kufunga. Najiona kama mtoto anayekula mbele za wenzake.

Unajua kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Masikio yangu yamekwisha, na wewe ukipanda kilima chenu kutafuta mtandao, mimi huku nasikia upepo tu. Lekoko, dereva anayepeleka bidhaa zetu Endulen, amekubali kuwa posta yetu.

Kuhusu figo zangu usihangaike. Ni kweli daktari alisema zimelika kama soli ya kandambili na hazitarudi. Lakini Kurwa ananipeleka Arusha kwenye mashine mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Wananisafisha damu, tukimaliza wananikalisha pembeni, wananipa uji na maji mengi ya kunywa, narudi nyumbani kama mpya. Hiyo tuifunge.

Jambo langu ni tangi. Lekoko atakushushia tangi la vioo alilolitengeneza fundi hapa mjini, pampu ndogo ya hewa inayokubali umeme wa jua, na mfuko wa plastiki wenye sponji na changarawe kutoka tangi langu. Alipouona ule mfuko alisema, "Mzee, nimebeba mbuzi, nimebeba saruji, nimebeba bibi harusi. Leo matope?" Nikamwambia hayo matope yana thamani kuliko bibi harusi. Akasema, "Basi humjui huyo bibi harusi, alikuwa wa Malambo," akacheka peke yake mpaka geti la hifadhi, nadhani.

Usitie samaki. Narudia kama darasani: usitie samaki. Watu wakipata tangi wanakimbilia samaki, na baada ya juma moja wanawazika. Samaki anakula na kujisaidia katika chumba kimoja. Uchafu wake ni amonia, ile iliyokuwa ikikutoa machozi maabara kwangu, na katika tangi jipya hakuna wa kuila. Katika tangi kongwe, juu ya changarawe na ndani ya sponji, wamo bakteria wasioonekana. Kundi la kwanza linakula amonia na kuacha nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linakula nitriti na kuacha nitrati, ambayo samaki anaivumilia, na wewe unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Kazi yako ni kuwalisha hao wasioonekana mpaka wawe wengi wa kutosha. Chukua dagaa mmoja asiye na chumvi, mfunge kwenye kipande cha soksi ya nailoni, mtumbukize aoze polepole. Akiisha, tia mwingine.

Maji yenu ya bomba yana magadi mengi, na kwenye magadi amonia inakuwa kali mara dufu. Ya mvua peke yake nayo ni laini mno. Bakteria wanatumia hayo magadi wanapofanya kazi, yakiwaishia wanasimama. Changanya nusu kwa nusu. Baridi ikizidi lizungushie tangi shuka. Nimekuwekea vichupa vitatu vya matone ya kupimia, pamoja na kadi ya rangi.

Sasa sababu. Samaki wa tangi langu wamekufa na kubadilishwa mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na kioo chenyewe ni cha tatu. Lakini changarawe zile bibi yako Nafisa alizizoa kijitoni Oldeani, mwaka tuliooana, akiwa ameinua gauni mpaka magotini huku mimi nikimwambia watu wanatazama. Hazijakauka tangu siku ile. Wanaoishi juu yake ni watoto wa watoto wa wale aliowaanzisha yeye. Kurwa ni mtoto mwema, ila kwake samaki ni kitoweo, na nikitoka mimi chumba hiki kitakuwa stoo ya sukari kabla ya arobaini. Nataka nijue kwamba tangi lako limekomaa kabla sijaondoka. Usilie, ni hesabu tu. Tangi linahitaji wiki kadhaa, na mimi bado ninazo.

Wako mzee,
Babu Marijani


Endulen, 13 Aprili 2024

Mume wangu mzee,

Shikamoo. Na Iddi njema, ingawa imeshapita. Mzigo ulifika vizuri, kioo hakijapata hata mkwaruzo. Lekoko anasema aliendesha kama aliyebeba mayai, na abiria wakamtukana njia nzima.

Mimi sijambo. Nimefunga mwezi wote, na wenzangu wodini wakawa wananifichia chai kana kwamba nikiiona nitaanguka. Siku ya Iddi nilipika pilau, nikala na Nosim, jirani yangu niliyekwambia, yule muuguzi wa zamu moja na mimi. Mama yake alileta maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nimewakumbuka sana, na kashata za Bibi hasa.

Tangi nimeliweka sebuleni, mbali na dirisha. Kila anayepita anachungulia. Nosim alikuja, akazunguka mara mbili, akauliza, "Hanifa, samaki wako wapi?"

Nikamwambia bado hawajaja, kwanza maji yakomae.

"Kwa hiyo hapo hakuna kitu?"

"Kuna dagaa."

"Aliyekufa."

"Ndiyo."

Akacheka akashika kiuno. "Sisi tunafuga ng'ombe. Watu wa Karatu mnafuga maji!" Sasa kila asubuhi salamu yake ni hiyo: maji yameamkaje, yamekula, nani kayapeleka malishoni.

Kuhusu vipimo, nina habari njema. Amonia ilikuwa kijani mwanzoni, sasa ni manjano safi kama kadi inavyosema. Nitriti hakuna. Nitrati pia hakuna. Yaani maji hayana kitu chochote. Nadhani kazi imekwisha mapema, na mke mwenzangu Bibi Nafisa atafurahi huko aliko. Je, nitie samaki?

Niambie basi na habari zako. Mkono gani wamekutengenezea njia ya sindano? Wanakutoa maji kiasi gani kila ukienda? Miguu haivimbi? Najua hupendi maswali yangu, lakini umeoa muuguzi.

Wako,
Hanifa


Karatu, 12 Mei 2024

Mke wangu Hanifa,

Wa alaikum salaam. Barua yako ilikaa kwenye kiti cha Lekoko siku nyingi, kwa kuwa barabara ilikatika na yeye akalala juu kule kwenye ukungu akiwalinda mbuzi wa watu. Mvua ya mwaka huu haina adabu. Imechukua ukuta wa jirani na choo cha msikiti. Habari njema ni kwamba mke wa Kurwa amejifungua mtoto wa kiume, wamemwita Talha. Ana sura ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Kurwa anatembea mjini kama yeye ndiye wa kwanza duniani kuzaa.

Kwenye mashine naendelea vizuri.

Sasa tuzungumze kuhusu maji yako, na nakuomba usome polepole kwa sababu nakuandikia kama mwalimu na si kama mume. Umeniambia amonia ilikuwepo na sasa haipo. Umeniambia nitriti haipo na nitrati haipo. Mwanangu, amonia haipai mbinguni. Ikiliwa, inakuwa nitriti; nitriti ikiliwa, inakuwa nitrati; na nitrati inabaki humo humo mpaka umwage maji. Mwizi akipita kwenye matope lazima aache nyayo. Tangi ambalo amonia imetoweka bila kuacha alama halipo Karatu, halipo Endulen, halipo popote.

Kwa hiyo ama matone yameharibika, ama umenipa rangi ulizodhani nataka kuzisikia. Nimefundisha kemia miaka mingi. Wanafunzi walionipenda ndio waliokuwa wakinakili majibu ya kitabuni badala ya yale waliyoyaona kwenye bomba la majaribio, wasiniudhi. Nilikuwa nawapa sifuri, halafu nawapa chai.

Njoo uchukue chai yako. Niambie ulichokiona.

Leo umeme umekatika tangu asubuhi, na pampu ikawa kimya. Unakumbuka tulivyokuwa tunafanya? Wewe ulikuwa unasimama juu ya kiroba cha sembe ili ufikie, bibi yako anachota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu, ili yaingie hewa. Mkono wake ukichoka anakupa wewe, wa kwako ukichoka unanipa mimi. Bibi yako alikuwa anawaita samaki kwa majina ya wanafunzi wangu watukutu. "Vedasto, acha kumng'ata mwenzio." Kuna mwaka umeme ulikatika siku nzima na hakuna samaki aliyekufa hata mmoja, jioni tukala wali kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa hauinuki. Wewe ulipigwa kwa hilo shuleni, ulipolisimulia, wakidhani umefundishwa vibaya.

Leo nimemwaga kikombe mwenyewe. Nilifika vikombe vichache nikakaa chini. Kurwa akaja, akashika kikombe. Alimwaga akiwa amekunja uso, lakini alimwaga.

Babu


Endulen, 20 Juni 2024

Babu,

Shikamoo. Leo sikuiti mume, maana nina aibu.

Kwanza salamu. Iddi ya kuchinja ilikuwa nzuri, niliitwa kwa akina Nosim kwa kuwa baba yake alisema haiwezekani mtu asikie harufu ya nyama siku ya sikukuu yake akiwa peke yake. Akaniletea mbuzi mzima, nikamchinja mwenyewe kwa bismillahi, wazee wakanitazama kama wanaomwonea huruma mbuzi. Mpe Kurwa pole ya kuwa baba. Mwambie mtoto asifunikwe sana.

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Lekoko alinipitia mara kadhaa akiuliza, "Dada, hakuna cha mzee?" nikamwambia kesho. Sasa nasema.

Siku mfuko ulipofika niliufungua nikanusa. Ilikuwa harufu ya tope na kitu kilichooza. Sponji ilikuwa na uteute, kahawia, inateleza mkononi. Babu, mimi ni muuguzi. Tangu chuoni nimefundishwa kitu kimoja kabla ya vyote: chombo kikija na uteute, chemsha. Nikaweka sufuria kubwa jikoni, nikachemsha sponji, nikachemsha na changarawe. Nikamwaga lile povu. Nikazisuuza kwa maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, nikazianika juani siku nzima kwenye kanga safi. Ziling'aa. Nilijivunia. Nilisema Babu akiziona atashangaa.

Maji yakageuka kijani kibichi kwenye matone na hayakubadilika. Yakaanza kunuka. Ndipo nikapanda kilimani kwenye mtandao nikasoma kinachoishi kwenye sponji. Nikakaa juu ya jiwe nikalia. Nosim alikuwa anapita na ndoo, akauliza nani amefariki.

Nikamwambia, "Wa bibi yangu. Wote."

Akatua ndoo. "Bibi yako alikuwa na watu wangapi?"

"Mamilioni," nikasema. "Nimewachemsha."

Aliniangalia, akaniambia nikalale, zamu zimenizidi.

Nilikuandikia manjano kwa sababu ilikuwa Iddi na nilitaka ufurahi. Ndiyo hiyo. Walikaa na wewe miaka yote hiyo, mimi nikawamaliza kwa sufuria moja. Nisamehe.

Sasa zamu yangu. Umenifundisha kwamba kitu hakitoweki bila kuacha alama. Nami nina vipimo vyangu.

Mgonjwa wa mashine hapewi maji mengi ya kunywa. Anahesabiwa glasi. Maji ndiyo yanayomuua kati ya siku na siku, kila muuguzi anajua, na kila mgonjwa anajua kuliko muuguzi, kwa kuwa kiu ndiyo wimbo wao. Nilikuuliza mkono gani, ukaniambia "naendelea vizuri." Na Lekoko, bila kujua anasema nini, aliniambia kila Jumatatu na Alhamisi anapakia mzigo dukani, Kurwa mwenyewe anamhesabia mifuko, na mzee amekaa kibarazani anamtania.

Babu, umewahi kwenda kwenye hiyo mashine hata mara moja?

Hanifa


Karatu, 7 Julai 2024

Mjukuu wangu Hanifa,

Nakusalimu kwa heshima uliyoistahili. Wanyumbani wote wazima. Talha anacheka sasa, na meno hana, anafanana na mimi.

Sijawahi.

Nimeandika neno hilo, nikainuka, nikazunguka chumba, nikarudi. Linatosha lakini utataka sababu, na ni haki yako.

Mwaka jana daktari alinieleza yote vizuri, kijana mpole, alinichorea hata picha. Ilikuwa lazima nihamie mjini niwe karibu na mashine, siku zote zilizobaki. Nilimshukuru. Nikamwambia nitafikiri, na sikufikiri, kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Bibi yako alifia mjini, katika kitanda kinachotazama ukuta. Siku zile za mwisho hakuuliza habari za maumivu wala dawa. Alikuwa ananiuliza, "Karatu imenyesha?" Kila nilipoingia. Nami nilikuwa sijui, maana nilikuwa naye huko huko, nikawa nambunia: imenyesha kidogo, imenyesha sana, udongo umelowa vizuri. Sitaki kufa nikimuuliza mtu kama mvua imenyesha. Nataka kuisikia ikipiga bati.

Kurwa nilimwapisha asikwambie. Alipinga, alilia, alinitishia kunibeba. Usimlaumu. Ni mtoto aliyezuiwa na baba yake kumwokoa baba yake, na anaendelea kufungua duka kila siku. Mimi nisingeweza.

Wewe nilikuficha kwa sababu ungekuja na kunishika mkono na kunipeleka, nami ningekwenda. Wewe ndiye pekee ambaye ningekwenda naye.

Miguu inavimba. Ngozi inawasha. Chakula kina ladha ya sarafu. Na asubuhi nikiamka, mdomoni mwangu kuna harufu ninayoijua tangu maabara. Mara ya kwanza niligeuka kutazama nani ameacha chupa wazi. Ni mimi, mwanangu. Mimi ni tangi lisilo na wa kuila. Sikuandikii hivi ili ulie. Ni kwamba nilicheka, peke yangu, na hapakuwa na mtu katika nyumba hii wa kumweleza kwa nini nacheka, isipokuwa wewe.

Hofu yangu si kufa. Hofu yangu ni kwamba kitu alichokianzisha Nafisa kiishie mikononi mwangu.

Kuhusu kuchemsha: nilicheka mpaka Kurwa akaja mbio kutoka dukani. Nikamsomea. Naye akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu mwaka jana. Nafisa angekaa chini kabisa kwa kicheko. Hakuna cha kusamehe. Mwalimu aliyesema usitie samaki mara mbili hakusema usioshe hata mara moja. Kwangu lilikuwa wazi mno.

Hukuwamaliza. Nilikupa nusu tu, nusu nyingine ninayo. Leo nakutumia changarawe zote zilizobaki isipokuwa kiganja kimoja cha kuwatosha samaki wangu wawili wazee, na sponji yangu ya pili. Ziko ndani ya ndoo, kwenye maji yake. Lekoko ameagizwa kila akisimama afungue kifuniko aipigepige iingie hewa. Ameniuliza kama pia aiimbie. Zikifika usizinuse, usizifikirie, zitie tu. Mwaga maji yote yaliyooza, anza na mapya, nusu kwa nusu.

Na nakuomba jambo moja. Usije sasa. Ukija, tangi litakufa kwa mara ya pili, na safari hii sina nusu nyingine. Kaa nalo. Utaona amonia inapanda kisha inashuka. Kisha nitriti itapanda, matone yawe zambarau kali, na itaonekana kama haitashuka kamwe. Itashuka. Zambarau ikigeuka buluu, na nitrati ikianza kuwa ya chungwa, panda gari uje uniambie mwenyewe. Nitakungoja.

Babu yako anayekupenda,
Marijani


Endulen, 28 Julai 2024

Babu,

Shikamoo.

Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Siku ya kwanza nilikukasirikia mpaka nikashindwa kula. Nilimwambia Nosim, "Babu yangu amenidanganya kuhusu damu yake." Akasema baba yake naye alificha jeraha la simba mwezi mzima ili mama yake asiuze ng'ombe amtibie. "Wazee," akasema, "wanadhani sisi ni wageni wa kukaribishwa na habari nzuri tu." Akanipikia chai.

Siku ya pili nilikwenda wodini, nikawahudumia wazee wa watu, nikawakata kucha, nikawapaka mafuta, nikiwaza nani anakupaka wewe. Mwambie Kurwa ngozi ioshwe kwa maji ya uvuguvugu tu, sabuni kidogo, kisha apake mafuta ya mgando kabla haijakauka. Chumvi iondoke kabisa. Ndizi na parachichi acha. Miguu iinuliwe kwenye mto. Ukilala kifua kikibana, uketishwe, usilazwe. Sikulazimishi kwenda mjini. Nimeandika mstari huo mara nne kabla ya kuuacha ukae, na sasa umekaa.

Ndoo ilifika. Lekoko anasema hakuiimbia, lakini abiria mmoja aliiombea. Nimezitia kama zilivyokuja, na tope lake, nikiwa nimefumba macho na pua.

Babu, zinafanya kazi. Niliona kwa macho yangu. Amonia ilipanda kijani, kisha ikaanza kupauka kila asubuhi, na wiki iliyopita ikawa manjano, manjano ya kweli. Nitriti ikapanda kama ulivyosema. Sasa ni zambarau, kila siku zambarau, haijagusa buluu. Nimebadilisha maji kidogo, nimepunguza dagaa. Baridi ya mwezi huu inawachelewesha, nadhani.

Ruhusa ninayo. Mkuu wangu wa kazi amesema niondoke hata leo. Begi limefungwa liko mlangoni. Lekoko anaondoka kila Alhamisi, na kila Alhamisi natoka nje na kumtazama akiondoka, kwa sababu uliniomba nikae na nimekaa. Ananiuliza, "Leo?" nasema, "Bado ni zambarau." Anadhani nimechanganyikiwa.

Kama ulivyoagiza, siji mpaka ishuke. Nakupa vipimo vya kweli kuanzia sasa, na hiki ndicho kigumu kuliko vyote.

Wako,
Hanifa


Karatu, 6 Agosti 2024

Hanifa, mke wangu,

Salamu kutoka kwa wote. Kurwa amenishikia ubao chini ya karatasi. Nimeandika kwa vipande, kwa hiyo usistaajabie herufi.

Nimekusoma. Zambarau ni nzuri. Maana yake kundi la kwanza limekaa nyumbani, na la pili linakuja nyuma yake. Litafika. Nimetazama jambo hili maisha yangu yote na halijawahi kukataa.

Nilikwambia usije mpaka ishuke. Nilisema kwamba hofu yangu ni tangi. Nimelala hapa siku hizi nikilipima jibu hilo kama nilivyokuwa nikipima majibu ya wanafunzi, na nimejipa sifuri. Nilikutumia tangi kwa sababu tangu uhamie huko nilikosa la kukuandikia. Mzee hawezi kumwandikia msichana kila wiki kwamba amemkumbuka. Amonia nilikuwa nayo ya kutosha barua nyingi.

Zile changarawe sasa ni zako. Zikikomaa, zikifa, ni zako, na Nafisa hatagombana na mtu. Wanaoishi juu yake wanafanya kazi hata chumba kikiwa kitupu. Hawajawahi kuhitaji mtu wa kuwatazama.

Mimi nahitaji.

Usingoje buluu. Panda gari la Alhamisi hii, si la Alhamisi ijayo.

Marijani